Ndege haijui kama imepigwa

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Mtanda, Lindi mjini. Nimelifupisha kidogo, ila maneno ni yake:

"Shikamoo fundi. Nacheza gemu za ndege za kivita kwenye kompyuta. Kwenye War Thunder nikipigwa, kona ya skrini kuna mchoro mdogo wa ndege yangu, sehemu iliyoumia inabadilika rangi, najua hapo hapo kama ni bawa au mkia. Sasa nimehamia DCS World, naendesha A-10C. Juzi nimepigwa na mzinga wa ardhini. Nikasikia kishindo, zikawaka taa kama kumi kwa mpigo, na hakuna hata moja iliyosema nimeumia wapi. Nimejikongoja mpaka nikatua, kutazama kwa kamera ya nje, pezi moja la mkia halipo! Rafiki yangu anasema hiyo gemu ina kasoro, ndege ya mamilioni ya dola haiwezi kukosa kujua kwamba mkia wake haupo. Fundi, nani yuko sahihi?"

Marahaba, mwanangu. Gemu ya pili ndiyo iliyo karibu na ukweli. Rafiki yako amekosea, ingawa kosa lake ni la mtu anayefikiri: ametazama bei ya ndege akaona kwa hela ile lazima ijijue mwili mzima, kama wewe unavyojua ukikanyaga mwiba. Lakini ndege haina ngozi ya namna hiyo. Bati la mkia ni bati, halina mshipa wa fahamu. Kilichomo ndani ya ndege ni vihisio vilivyowekwa mahali maalumu vipime vitu maalumu: presha ya oili ya injini, presha ya haidroliki (yale mafuta yanayosukuma mitambo ya ndege), joto la gesi zinazotoka nyuma ya injini, moto ndani ya kasha la injini, mafuta kwenye matangi, umeme wa jenereta, magurudumu yamejifunga au hayajajifunga. Kila kimoja kinajua jambo lake, na hakuna hata kimoja kinachojua risasi ni kitu gani.

Chukua Fuso linaloteremka kutoka Newala na magunia ya korosho. Jiwe limeruka, limepasua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Dereva hapati taa ya jiwe. Anaendelea na safari yake, redio inaimba, mpaka oili imwagike ya kutosha ndipo taa nyekundu iwake. Na taa ile haikusema sampo imepasuka. Imesema presha imeshuka. Inaweza kuwa sampo, inaweza kuwa pampu, inaweza kuwa oili ilikuwa inavuja mwezi mzima na mwenye gari hana habari, inaweza kuwa swichi yenyewe ni mbovu. Kujua ni ipi, hiyo ni kazi ya dereva na fundi.

Ningependa uione hiyo swichi, maana ukishaielewa hii umeelewa nusu ya paneli nzima ya A-10. Mimi nilikuwa fundi wa umeme wa ndege kabla sijastaafu na kurudi Shangani, Mtwara, na nimezishika nyingi. Ni kitu kidogo, kinaenea kwenye ngumi ya mtoto. Upande mmoja ina nyuzi za kufungia kwenye bomba, upande wa pili plagi ya umeme. Ndani kuna kiwambo chembamba cha chuma, springi, na ncha mbili za kupitisha umeme. Oili yenye presha inasukuma kiwambo, ncha zinaachana, taa inazima. Presha ikishuka, springi inashinda, ncha zinagusana, taa inawaka. Basi, hakuna uchawi mwingine. Tulikuwa tunaifunga mezani kwenye pampu ndogo ya mkono, unapandisha presha taratibu, jicho kwenye geji, sikio kwenye swichi. Tik. Unaandika namba. Unashusha. Tik. Unaandika. Ukiifanya kazi hiyo miaka, taa ikiwaka husemi "injini imekufa". Unasema springi imeshinda kiwambo, halafu unaanza kutafuta kwa nini.

Sasa ingiza risasi. Ikipita kwenye mkia, swichi hii haina habari. Ikikata bomba la oili, swichi itasema, lakini itasubiri presha ishuke mpaka pale ilipopimiwa. Ikikata waya unaotoka kwenye swichi ya aina hii, taa haitawaka kamwe, hata oili yote ikimwagikia Bahari ya Hindi. Na waya huo huo ukichunwa ganda ukagusa bodi, taa itawaka ilhali oili ni nzima kabisa. Risasi ni moja, majibu ni manne, na wewe uliyekaa kwenye kiti huwezi kuyatofautisha kwa kuitazama taa peke yake.

Hiyo habari ya waya siisemi kwa nadharia. Kuna ndege moja ndogo ya injini mbili, ya kampuni ambayo haina haja ya kutajwa, ilitua hapa Mtwara siku moja rubani akashuka shati limelowa. Taa ya moto ya injini ya kulia ilimwakia akiwa anashuka juu ya bahari upande wa Msimbati. Moshi hakuna, harufu hakuna, geji zimetulia. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Alifanya sawasawa anavyotakiwa: akaichukulia kuwa moto wa kweli, akaipunguza ile injini, akatua. Tukafungua kifuniko, hakuna hata doa la masizi.

Kihisio cha moto kwenye injini ile ni mrija mwembamba wa chuma wenye waya katikati, umezungushwa injini nzima kama kamba ya mzigo. Kati ya waya na mrija kumejazwa kitu ambacho kikiwa na ubaridi kinazuia umeme, kikipata joto kali kinaupitisha. Umeme ukipita, kisanduku cha juu kinawasha taa: moto! Nikachomoa plagi ya mrija. Ndani kulikuwa na unyevu, na pembeni ya pini ukoko mweupe wa chumvi. Si unajua hewa ya huku, mlango wa bati haumalizi miaka. Maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme, na kile kisanduku hakina pua ya kutofautisha moto na maji ya chumvi. Kwake yote ni umeme umepita. Nikasafisha, nikakausha kwa hewa ya moto, nikapima upya, mshale wa mita ukapanda mahali pake ukatulia. Kesho yake asubuhi ndege ikaondoka.

Kama umande wa Msimbati unaweza kuwasha taa ya moto, fikiria kipande cha chuma chenye makali kikipita katikati ya furushi la nyaya.

Sasa tuje kwenye taa zako kumi. Wewe umeziona kama kelele tupu, lakini kwa maelezo uliyonipa nadhani mkia wako ulikuwa unasema, ila kwa lugha ya haidroliki. A-10 ina mapezi mawili ya mkia, na kila pezi lina usukani wake unaosukumwa na haidroliki. Pezi likiondoka linaondoka na usukani wake, na bomba linabaki wazi. Mafuta ya haidroliki ya upande huo yanamwagika. Kwa hiyo taa ya presha ya haidroliki inawaka, taa ya tangi lake inawaka, mfumo wa kompyuta unaoituliza ndege isiyumbe unaona mambo hayaeleweki unajitoa, nao una taa zake, na juu ya zote inawaka ile taa kuu ya tahadhari ambayo kazi yake ni kukuambia "tazama kwenye paneli". Kama na injini ilipata kipande, hesabu jenereta yake, presha ya oili yake, joto lake. Jeraha moja, walalamikaji kumi. Kila kifaa kinalia kwa ajili ya nafsi yake, kama msiba ambao kila mtu analia habari zake na hakuna anayekuambia nani kafa.

Na usidhani ndege mpya zenye kompyuta zimeondokana na hili. Zimelizidisha. Tarehe 4 Novemba 2010 Airbus A380 ya Qantas, safari namba 32, iliondoka Singapore, na muda mfupi baadaye injini namba 2 ikapasuka. Vipande vya diski ya turbini vikapita ndani ya bawa vikikata nyaya na mabomba. Haikuwa vita, lakini bawa lile lilipata kile kile ambacho kombora hufanya, ndiyo maana nawaambia vijana wanaopenda gemu za kivita wasome ajali hii kabla ya nyingine yoyote. Chumbani walikuwemo marubani watano. Skrini ikaanza kutapika ujumbe, mmoja juu ya mwingine: haidroliki, umeme, mafuta, breki, visukani vya bawa. Iliwachukua kama dakika 50 kuupitia. Na katika wingi wote ule, hapakuwa na ujumbe uliosema bawa limetobolewa. Nahodha, Richard de Crespigny, alieleza baadaye kwamba ilibidi ageuze hesabu: aache kuhesabu vilivyokufa, aanze kuhesabu vilivyobaki hai. Walitua salama. Halafu injini namba 1, ambayo kwa mujibu wa skrini ilikuwa haina tatizo kubwa, ikakataa kuzimwa kwa sababu nyaya zake za kuizimia zilikatwa. Zimamoto waliimwagia maji na povu kwa saa kadhaa ndipo ikanyamaza.

Kuna jambo jingine ambalo gemu ya mchoro wa rangi haiwezi kukufundisha, nalo ni taa inayolia mahali pasipo na jeraha. Agosti 2001 Airbus A330 ya Air Transat ilikuwa inavuka Atlantiki na watu 306. Bomba la mafuta kwenye injini ya kulia lilipasuka. Unajua dalili ya kwanza ilikuwa nini? Oili ya injini hiyo ilikuwa na ubaridi usio wa kawaida na presha ya juu. Marubani wakadhani ni geji au kompyuta imechanganyikiwa. Kumbe mafuta ya ndege, kabla ya kuingia kwenye injini, hupitishwa kwenye kifaa ambamo yanapoza oili. Mafuta yalikuwa yanakimbia kwa wingi kupita kiasi yakielekea kwenye ule mpasuko, na kwa kukimbia kwake yakaipoza oili kupita kiasi. Ndege haikuwa na taa ya kuvuja kwa mafuta. Ilikuwa na geji ya mafuta, na yeyote ambaye angetoa yaliyotumika kutoka kwenye yaliyokuwepo angeona hesabu haifungi. Ujumbe uliokuja baadaye ulisema tu kwamba matangi hayalingani. Wakafungua njia ya kupeleka mafuta kutoka upande mzima kwenda upande uliopungua, yaani wakayapeleka kwenye tundu. Injini zote mbili zikazima juu ya bahari, wakateleza bila injini kama dakika 19 mpaka visiwa vya Azores, wakatua. Hakufa mtu.

Gemu ikikuonyesha tangi limegeuka jekundu inakunyima mtihani huo wote. Inakupa jibu kabla ya swali.

Halafu kuna ukimya, na huu mimi nauona ndio wa kweli kuliko vyote. Mei 1983, juu ya jangwa la Negev, F-15 ya Israel iligongana na A-4 Skyhawk wakiwa mazoezini. Bawa la kulia la F-15 likakatika karibu na shina. Rubani, Zivi Nedivi, aliona ndege inabiringika, akaongeza nguvu, ikatulia. Mafuta yaliyokuwa yanamwagika yalitanda kama ukungu upande ule, hakuona. Akairudisha uwanjani, akatua kwa kasi ya karibu mara mbili ya kawaida kwa sababu ikipunguzwa ilianza kubiringika tena. Anasimulia kwamba alipogeuka kumpa mkono mwenzake wa kiti cha nyuma ndipo alipoona bawa halipo. Mwambie rafiki yako habari hii. Ndege ya mamilioni ya dola, bawa zima, na hakuna taa iliyosema bawa. Pezi la mkia si kitu.

Jambo dogo kabla sijasahau, maana wengi wanalichanganya: ile milio inayokuambia rada imekushika au kombora linakuja si onyo la kuumia. Hiyo ni mifumo mingine kabisa, inayosikiliza mawimbi ya rada au kutazama mwali wa kombora. Inazungumza habari za adui. Ikinyamaza haina maana uko salama, kwa sababu kombora linalofuata joto halitoi mawimbi yoyote ya rada, na kifaa cha kusikiliza rada hakitalisikia hata likikuingia puani.

Na ile sauti ya mwanamke inayotoa maonyo ndani ya ndege? Ni ya kweli, na ni ya zamani kuliko unavyodhani. Ilianza na ndege ya mabomu ya Marekani, B-58 Hustler, kwa sauti ya mwigizaji Joan Elms. Wakati ule redioni walisikika wanaume watupu, sauti ya kike ikatoboa. Marubani wa Kirusi wana yao, wanaiita Rita au Natasha. Lakini isikilize vizuri inasema nini. Kwenye F/A-18, ndege ya kivita ya Marekani, itakuambia moto, injini ya kushoto. Itakuambia mwinuko, mafuta, mfumo wa usukani. Inasoma majina ya vihisio. "Umepigwa" haimo kwenye msamiati wake. Hata ule ukurasa wa F/A-18 unaoonyesha mabawa na mkia, ambao vijana hudhani ni picha ya majeraha, unaonyesha kitu kingine: kama kompyuta bado inaelewana na mitambo inayosukuma visukani, njia mbili au nne kwa kila kimoja. Alama ya X maana yake njia hiyo imekatika mawasiliano. Bati la bawa linaweza kuwa limechanika kama mkeka na ukurasa ukabaki msafi.

Sasa nikitetee kidogo kile kimchoro cha rangi, maana nimekipiga sana. Rubani wa kweli anaisikia ndege kwa makalio, samahani kwa lugha. Anaisikia ikitetemeka tofauti, anasikia fimbo ya kuendeshea imekuwa nzito, ananusa. Haidroliki ikimwagika kwenye kitu cha moto ina harufu yake, waya unaoungua una harufu yake, na ukishazinusa huzisahau. Wewe umekaa kwenye kiti cha plastiki Mtanda, feni inapuliza, pembeni mtu anakaanga samaki. Mtengenezaji wa gemu amekunyang'anya pua, makalio na nusu ya masikio, kwa hiyo akikupa maandishi au rangi kidogo analipa deni.

Deni hilo ni kubwa zaidi kwenye gemu za ndege za zamani. Hapa kwa jirani zetu, kwenye delta ya Rufiji, Julai 1915 Waingereza walikuwa wanaiwinda manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha mikokoni. Ndege ziliruka juu kutazama makombora yanaangukia wapi. Tarehe 11 ndege ya Farman ya rubani Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa kwenye injini. Onyo lao lilikuwa injini yenyewe kuishiwa nguvu, hawakuwa na jingine. Wakateleza kwenda chini, Arnold bado anatuma masahihisho kwa mizinga, mpaka wakaangukia mtoni na kuokolewa. Gemu ya ndege kama ile ikikuandikia "injini imeumia" mimi sina ugomvi nayo, kwa sababu Cull alilijua hilo mwilini kabla ya mtu yeyote kuliandika.

Ukija kwenye Spitfire, ndege ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, na wenzake, pana geji, na geji zina mtego ambao dereva yeyote wa lori wa huku ataucheka. Risasi ikitoboa rejeta, kipimajoto kinapanda. Lakini maji yakiisha kabisa, kile kihisio kinabaki kinaning'inia hewani, hakiguswi na maji ya moto tena, na mshale unaweza kushuka. Dereva mgeni anafurahi, "imepoa". Dakika chache injini inajifunga. Ijaribu gemu yako: chukua ndege ya injini inayopozwa kwa maji, ipigwe rejeta, utazame mshale mpaka mwisho. Ukiuona unapanda tu bila kurudi, ujue aliyeandika programu hajawahi kukwama njiani na gari lililochemka.

Maana hata gemu hizi makini zina mahali zinapodanganya, na hapa rafiki yako angeshika angenibana. Nimecheza kwa mpwa wangu hapa Chikongola, ana kompyuta yenye taa za rangi kama disko. Nikajiachia nipigwe makusudi mara sita, yeye nyuma yangu anapiga kelele "mjomba kwepa!" Mara zote sita, taa ikiwaka imewaka, imetulia tuli. Sikuona hata moja inayokonyeza. Sikupata hata moja ya uongo: kila kilichotangazwa kimekufa, nikikijaribu, kweli kimekufa. Na zote ziliwaka karibu sekunde ile ile ya kishindo. Nadhani watengenezaji wameunda viungo vya ndege kwa uangalifu mkubwa, pampu, jenereta, matangi, kisha wakakiunga kila kiungo na taa yake moja kwa moja, wakausahau waya ulio katikati. Kwenye ndege ya kweli waya ndio mwingi kuliko vyote, na umepita kila mahali ambapo risasi inaweza kupita. Taa zako kumi ni za kweli kwa wingi wake. Kwa unyoofu wake, zimezidi uaminifu.

Ukitaka kucheza karibu na ukweli, zima maandishi yote ya msaada kwenye skrini, acha paneli peke yake. Kabla ya kuruka bonyeza kitufe cha kujaribu taa, ziwake zote, uone ipi haiwaki. Marubani wa kweli wanafanya hivyo, na sababu ipo: balbu iliyoungua inafanana kabisa na balbu isiyo na habari mbaya. Ikiwaka taa, tafuta shahidi wa pili kabla hujaiamini. Kwenye ndege nyingi taa na geji ya kitu kimoja zina vihisio tofauti, kwa hiyo taa ya oili ikiwaka na mshale wa oili umekaa pale pale, mshuku taa. Vikikubaliana vyote viwili, anza kutafuta pa kutua. Na deni la makalio lilipe mwenyewe: kama nyumbani kuna sabufa, iweke chini ya kiti, uipeleke sauti ya gemu huko. Mpwa wangu alifanya hivyo, na mtetemo wa injini moja kuzimika unaufahamu mgongoni kabla jicho halijafika kwenye paneli. Mama yake hakufurahi, lakini hayo ni yao.

Limebaki la A-10 yako. Tarehe 7 Aprili 2003 rubani wa Marekani, Kim Campbell, alipigwa na kombora juu ya Baghdad akiwa kwenye A-10. Ndege ikabiringika kushoto na kuelekea chini, fimbo haijibu. Paneli imejaa taa, geji za haidroliki zimelala sifuri. Akageuza swichi ya kuendesha kwa nyaya za chuma bila haidroliki, ile ile uliyonayo kwenye DCS upande wa kushoto, ukiijaribu utaona fimbo inavyokuwa kazi, akairudisha kama saa nzima mpaka Kuwait. Taa zilimwambia haidroliki zimekwisha. Hazikumwambia nyuma yake bati limekuwa kama chekecheo. Aliyemwambia ni rubani mwenzake, aliyesogea karibu akaitazama ndege yake kwa macho na kumsomea redioni anachokiona.

Kwa hiyo huyo rafiki yako mnunulie fimbo, aruke pembeni yako. Siku ukipigwa tena, nenda naye mahali hakuna mizinga, unyooshe ndege, umwambie apite chini yako taratibu kutoka kulia kwenda kushoto akusomee mkia.